Nani Aliyekosa? Somo juu ya Watoto Wazaliwao na Vilema

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wale walioingia karibuni katika Jumuiya, na hata na wale ambao wangali wamesimama mlangoni wakichungulia, liko moja lisilotoka katika vitabu. Latoka chumbani kwa mzazi. Mtoto amezaliwa na mgongo wazi, au kichwa chake chaanza kukua kupita kiasi, au mdomo wake umepasuka, au miguu imepinda kwa ndani. Basi wazee wakutana usiku, na swali la kwanza kuulizwa si "Tumpeleke wapi?" bali ni "Nani aliyekosa?"

Hapa Puge, kama katika vijiji vingi vya Unyamwezi, majibu yapo tayari kabla mtoto hajakauka maji. Mfumu atapiga ramli na kusema kuwa mizimu ya upande wa baba haikupewa haki yake. Jirani atasema ni kijicho. Wengine watakumbuka habari za vigego, yaani watoto walioota meno ya juu kwanza, ambao katika makabila mengi ya nchi zetu walihesabiwa kuwa mkosi, wakatupwa au wakauawa. Jirani Mkristo huenda akataja dhambi ya wazazi. Na Mwislamu, inasikitisha kusema, mara nyingi hukaa kitako na kutamka kuwa ni kazi ya Mungu, kisha asifanye lolote. Majibu haya yote, ingawa yanapingana, matokeo yake ni mamoja: mtoto afichwa ndani, siku zapita, na siku hizo ndizo zenye thamani kuliko zote.

Tuanze na shutuma, maana isipoondolewa hiyo hakuna mzazi atakayenyanyuka. Kurani Tukufu katika Surat An'am, aya ya 165, yaeleza wazi kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. (Msomaji mgeni ajue kwamba sisi huihesabu Bismillahi kuwa ni aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo katika misahafu mingine hesabu itapungua kwa moja.) Ikiwa mtu mzima habebeshwi kosa la mwenziwe, itakuwaje mtoto ambaye hajavuta pumzi abebeshwe kosa la babu yake? Na ndugu zetu Wakristo wanaoshika fundisho la dhambi ya asili yafaa waifungue Injili ya Yohana, mlango wa 9. Humo wanafunzi walimwuliza Nabii Isa a.s. swali lile lile la wazee wetu, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Naye akakanusha yote mawili. Katika jambo hili Injili na Kurani hazina ugomvi.

Mtume Mtukufu s.a.w. alifiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 wa Hijra, mtoto akiwa bado mdogo wa kunyonya. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya msiba wa Mtume. Lau angekuwa mtu wa kujitafutia makuu, angenyamaza tu, na watu wangezidi kumtukuza. Lakini aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Pamoja na hayo alilia. Machozi yalimtoka, na alipoulizwa akaeleza kuwa hiyo ni rehema. Katika siku moja twapata mambo mawili: haramu ya kugeuza msiba wa mtoto kuwa ramli, na ruhusa ya mzazi kulia.

Tena tuiangalie Surat Hajj, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anapotaja hatua za kuumbwa mwanadamu, kutoka tone mpaka pande la damu mpaka pande la nyama, alieleza pande hilo kwa maneno mawili: lililotimia umbo na lisilotimia. Neno la Kiarabu ni mukhallaqa, na kinyume chake. Wafasiri wamelijadili kwa njia mbalimbali, lakini lililo dhahiri ni kwamba kutotimia umbo kumetajwa ndani ya kanuni ile ile ya uumbaji, katika pumzi ile ile, wala hapakutajwa laana wala kosa la mtu. Uumbaji huenda kwa sababu na kanuni. Na penye kanuni, sababu ikipungua, na matokeo hupungua. Hadhrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifa wa Nne, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kiitwacho Revelation, Rationality, Knowledge and Truth, ameweka mlango mzima juu ya mateso, na humo hakuwakwepa watoto wazaliwao na kasoro. Anayesoma Kiingereza na mwenye kusumbuliwa na swali hili upande wa falsafa atafaidika nacho. Sisi hapa tunao upande wa pili wa kushughulikia, nao ni mzito zaidi kwa mzazi wa Puge.

Upande huo ni wa yule asemaye, "Ni kazi ya Mungu, tuache." Huyu huonekana mchaji, kumbe neno lake hufanana na mafundisho ya Mtume kwa sura tu. Mabedui walimjia Mtume s.a.w. wakamwuliza iwapo yafaa wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, kwa kuwa Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia na dawa, isipokuwa uzee. Basi mwenye kuacha dawa kwa jina la Mungu ameiacha amri ya Mtume wa Mungu.

Masihi Aliyeahidiwa a.s. ameandika katika Haqiqatul Wahy, kitabu kilichotolewa mwaka 1907, kisa cha kijana Abdul Karim, mwanafunzi wa shule ya Qadian aliyetoka Deccan, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Hatua ya kwanza ilikuwa kumpeleka Kasauli, katika hospitali iliyokuwa ikitumia dawa ya Pasteur. Alitibiwa akarudi. Baadaye dalili za kuogopa maji zikamtokea, Kasauli wakapigiwa simu ya maandishi, na jibu likaja kwamba hapana tena la kufanywa. Hapo ndipo ilipobaki dua peke yake, na kijana akapona. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kuanzia katikati, penye dua, wakaruka safari ya Kasauli. Lakini mpango wake wafundisha: garimoshi kwanza, sindano, simu, na dua kabla, wakati na baada ya hayo yote. Mwaka huo huo wa 1907 Masihi Aliyeahidiwa a.s. alifiwa na mwanawe Mubarak Ahmad, mtoto wa miaka 8, baada ya kumwuguza kwa bidii kubwa usiku na mchana. Alipokufa, baba huyo huyo aliyehangaika na dawa aliridhika, akawafariji wengine. Na Khalifa wake wa kwanza, Hadhrat Maulana Nuruddin, alikuwa tabibu wa maharaja wa Jammu na Kashmir kabla hajahamia Qadian. Jumuiya ambayo Khalifa wake wa kwanza alikuwa tabibu haina udhuru wa kudharau utabibu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Nitalieleza kwa urefu kidogo, maana humu mna elimu ambayo kila bwana arusi na bibi arusi yawapasa waijue.

Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kama mkunjo mdogo wa ngozi ambao hujikunja mpaka kingo zake mbili zikakutana na kufunga, mfano wa fundi anayekunja bati kufanya bomba. Kazi hii yote hukamilika yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Mahali pasipofunga panabaki wazi. Pakiwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Pakiwa juu kabisa, ubongo hauumbiki na mtoto hawezi kuishi. Zingatieni hesabu hiyo ya siku 28. Kwa wakati huo mama wengi hawajui hata kama wana mimba. Ndiyo kwanza hedhi imechelewa kwa majuma mawili.

Mwaka 1991 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa juu ya wanawake waliokwisha zaa mtoto wa namna hii. Waliopewa vitamini iitwayo asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na katika majuma ya kwanza, hatari ya kuzaa tena mtoto wa aina hiyo ilipungua kwa asilimia 72, yaani karibu robo tatu. Ni vitamini tu, kidonge cha bei ndogo! Nchi nyingi zikaanza kuichanganya katika unga. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2011 zilivilazimisha viwanda vikubwa vya unga wa ngano na wa mahindi kufanya hivyo. Lakini ni nani Puge anayekula unga wa kiwandani? Mahindi yetu twayapeleka mashineni pale sokoni, yanasagwa mbele ya macho yetu, na kurudi nyumbani kama yalivyotoka shambani. Sheria ni njema, ila kwa sehemu kubwa imetupita kando kama basi la usiku.

Vitamini hiyo imo pia katika vyakula: mchicha, majani ya kunde, maharage, choroko, karanga, maini. Tatizo ni kwamba mwanga wa jua na moto mwingi huiharibu. Nsansa tunayoanika juani wakati wa masika ili tuile kiangazi ni akiba nzuri ya tumbo, lakini sehemu kubwa ya vitamini hiyo imekwisha potea. Mboga mbichi iliyopikwa kwa muda mfupi ni bora. Na kidonge ni bora zaidi kuliko kuitegemea mboga peke yake.

Vidonge vya foliki pamoja na madini ya chuma hutolewa kliniki ya wajawazito. Lakini desturi yetu ni kuificha mimba. Mwanamke huogopa macho ya watu, na mama mkwe humwonya asitangaze mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Basi afika kliniki mwezi wa nne au wa tano, apewa vidonge, navyo vyamfaa kwa damu yake. Lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto, mlango ulifungwa, au ulishindwa kufungwa, miezi mitatu iliyopita.

Hapa ndipo naona hekima ya ajabu katika ndoa ya Kiislamu. Katika hotuba ya nikahi husomwa aya ya 19 ya Surat Hashri, ambamo waaminio wahimizwa kila nafsi iangalie inayoitanguliza kwa ajili ya kesho. Tumezoea kuifasiri kwa Akhera peke yake, na hapana shaka maana hiyo imo. Lakini kwa nini isomwe siku ya ndoa? Kwa sababu kesho ya wale wawili yaanza siku ile. Tena Mtume s.a.w. aliwafundisha mume na mke dua ya kuomba kabla ya kukutana, wakimwombea hifadhi mtoto ambaye bado hayupo. Dini iliyomwombea mtoto kabla ya mimba yapaswa pia kumtayarishia chakula kabla ya mimba. Kwa hiyo, enyi akina baba, mnapohesabu gharama za arusi, ongezeni vidonge vya foliki, na mke aanze kuvinywa kabla hajatafuta mtoto. Aliyekwisha zaa mtoto wa mgongo wazi ahitaji kipimo kikubwa zaidi, nacho ni cha kuagizwa na daktari.

Neno fupi juu ya selimundu. Hii hurithiwa: baba na mama wote wawili wakiwa na chembe yake bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa namna hiyo duniani. Kupima damu kabla ya nikahi si kumshuku Mungu.

Si kila kichwa kikubwa hutokana na kasoro ya tumboni. Jambo hili lilifahamika vema karibu na kwetu, katika mji wa Mbale, Uganda. Mwaka 2001 ilifunguliwa huko hospitali ya CURE kwa ajili ya watoto wenye magonjwa ya ubongo na uti wa mgongo, na daktari Benjamin Warf kutoka Marekani akawa mpasuaji wake. Alipowachunguza watoto wenye maji kichwani aligundua kwamba zaidi ya nusu hawakuzaliwa nayo. Walizaliwa salama, kisha katika majuma ya kwanza wakashikwa na homa kali, wadudu wa maradhi wakaingia katika ubongo, na njia za maji zikaziba. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa katika maji ya watoto wengi wa huko wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus.

Mama anayesoma haya aelewe maana yake. Homa ya mtoto mchanga ni jambo la saa, wala si la siku. Mtoto wa siku kumi aliyekataa ziwa, aliyechemka au kupoa mno, au anayekakamaa, asingojee asubuhi. Na kitovu kisipakwe majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala dawa ya unga ya bibi. Mtume s.a.w. ameuhesabu usafi kuwa ni nusu ya imani, na sijui mahali ambapo nusu hiyo yahitajiwa kuliko kitovuni.

Tiba ya kawaida ya maji kichwani ni kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi, ukatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Ni tiba njema, na imeokoa maelfu. Lakini mrija huziba, na ukiziba mtoto ahitaji mpasuaji upesi sana. Mtoto wa London aweza kumfikia. Wa kijijini kwetu je? Warf aliliona hilo kwa wagonjwa wake wa Uganda. Akaunganisha njia mbili zilizokuwepo: kutoboa kitundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, na kuunguza kidogo tishu inayoyatengeneza maji hayo, kwa chombo chembamba chenye taa. Mtoto harudi nyumbani na mrija. Uchunguzi wa watoto 100 uliofanywa Mbale na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, akili za watoto wa njia hii na za wale wa mrija hazikupishana kwa namna ya kuaminika. Njia iliyokomaa kwa sababu ya umaskini wetu wa barabara sasa hutumiwa hata Marekani. Nasema haya kwa furaha, maana tumezoea kuambiwa kwamba elimu hutoka ng'ambo kuja Afrika tu.

Yapo pia matibabu ya mtoto akiwa bado tumboni, na wanaouliza juu ya dini hupenda kujua kama haya si kujiingiza katika kazi ya Mungu. Surat Zumar, aya ya 7, yasema kwamba Mungu hutuumba matumboni mwa mama zetu katika giza tatu. Wafasiri wengi wamezitaja kuwa ni giza la tumbo, la mji wa mimba, na la ngozi inayomzunguka mtoto. Mwaka 1963 daktari William Liley wa Auckland, New Zealand, alipitisha sindano katika giza hizo zote na kumwongezea damu mtoto aliyekuwa akifa tumboni kwa ajili ya kutopatana kwa damu yake na ya mama. Mwaka 1981 Michael Harrison na wenziwe wa San Francisco walifungua mji wa mimba, wakamtibu mtoto aliyeziba njia ya mkojo, wakaufunga tena. Na mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya upasuaji wa mgongo wazi ndani ya mimba, kabla ya majuma 26: katika watoto waliopasuliwa baada ya kuzaliwa, 82 kwa kila mia walihitaji kuwekewa mrija kichwani katika mwaka wa kwanza, na katika waliopasuliwa tumboni walikuwa 40. Hata hivyo wengi wao walizaliwa kabla ya wakati, na kovu la mji wa mimba ni hatari kwa mimba ya baadaye. Si muujiza. Ni biashara yenye faida na hasara, na kwa sehemu kubwa imebaki katika hospitali chache za nchi tajiri.

Je, ni kuingilia kazi ya Mungu? Aliyeziweka giza tatu ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza sindano. Kumtibu mtoto mchanga hakumfanyi mtu kuwa muumba. Na tofauti ya mtoto aliye nje na aliye ndani ni ya mahali tu. Kinachotufaa sisi sasa ni kipimo cha altrasaundi, ambacho huonyesha kasoro nyingi mapema. Wapo wanaokikimbia wakidhani kazi yake ni kutafuta sababu ya kuitoa mimba. Uislamu waulinda uhai ulio tumboni, na hutanguliza uhai wa mama unapokuwa hatarini. Lakini faida kubwa ya kujua ni nyingine: kujua mama ajifungulie wapi. Mtoto ambaye utumbo wake uko nje ya tumbo ana matumaini makubwa akizaliwa palipo na mpasuaji, na madogo sana akizaliwa palipo umbali wa safari ya siku mbili.

Puge ni nchi ya njia. Iko karibu katikati ya Tabora na Nzega, yapata kilomita 56 kutoka mji mmoja na 59 kutoka mwingine, juu ya barabara ambayo sasa ni ya lami. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilifika Tabora na mingine ikashika njia ya kaskazini kuelekea ziwani. Speke alipita upande huo mwaka 1858. Babu zetu walikuwa wapagazi mashuhuri, na habari za misafara zimejaa wapagazi waliougua wakaachwa kando ya njia kwa sababu mzigo ulipaswa kufika. Sisi tumwulize kila mmoja wetu: msafara wa leo humwacha nani?

Kituo kikubwa cha jirani ni hospitali ya Ndala, nayo ni ya Wakatoliki. Nimewahi kuulizwa na ndugu mpya iwapo yafaa Mwislamu azalie huko. Yafaa, tena bila wasiwasi, na kushukuru ni wajibu. Mbele yake iko Kitete, hospitali ya mkoa mjini Tabora. Kisha Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Na kwa kazi za mwisho, Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na taasisi yake ya mifupa na ubongo, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Mapacha wawili wa kiume walioungana, kutoka mkoa huu huu wa Tabora, walihudumiwa Muhimbili, kisha wakapelekwa Riyadh, Saudia, na huko wakatenganishwa mwezi Oktoba 2023 katika upasuaji wa saa nyingi. Tofauti tulizo nazo na mashehe wa nchi ile hazituzuii kusema jazakumullah.

Lakini mtoto hufika Bugando akiwa hai ikiwa mtu wa kwanza kumshika alijua la kufanya. Utumbo ulio nje usirudishwe kwa mkono. Ufunikwe kwa mfuko safi wa plastiki usikauke, na mtoto afunikwe vizuri asipoe. Wa mgongo wazi alazwe kifudifudi au ubavu, na uvimbe ufunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya hospitali. Pasipakwe dawa yoyote. Anayetoka povu mdomoni na kupaliwa na kuwa wa buluu kila anyonyapo asinyonyeshwe tena, apelekwe. Asiyepata choo cheusi cha kwanza kwa siku nzima, aangaliwe kama tundu la haja lipo. Mwenye ulimi wa buluu hata akiwa ametulia, huenda moyo wake una kasoro. Hao wote ni wa kupelekwa siku ile ile. Mwenye mdomo sungura hana haraka hiyo. Akamuliwe maziwa ya mama, anyweshwe kwa kikombe au kijiko akiwa ameketishwa, mpaka anenepe afae kupasuliwa. Wengi wao hufa kwa njaa, si kwa mdomo. Na mwenye miguu kifundo hutibiwa kwa njia ya Ignacio Ponseti: mguu hunyoshwa polepole na kufungwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa majuma machache, kisha viatu vyenye kijiti katikati kila usiku mpaka umri wa miaka 4 hivi. Hapana uchungu mkubwa, na mtoto hutembea kama wenziwe. Anayeiacha viatu kwa sababu mtoto analia usiku atarudi mwanzo.

Yabaki nauli. Kurani Tukufu imewataja maskini na msafiri miongoni mwa wanaostahili zaka. Mama aliyekaa miezi miwili katika wodi ya Mwanza, hana ndugu wala sabuni, ni wote wawili kwa pamoja. Jamaati zetu za vijijini zisingojee barua. Mtoto akizaliwa na haja hiyo, rais wa jamaati aulize siku ile ni kiasi gani kinachopungua. Na baba asimwache mke. Nalitaja kwa sababu hutokea: mume hudai kuwa kwao hakuna kilema, hivyo kosa ni la ukoo wa mke, na aenda kuoa kwingine. Huyo amerudi kwa mfumu, hata akiwa amesimama safu ya kwanza msikitini.

Mtoto huyu akikua na kilema chake, asifichwe. Abdullah bin Umm Maktum r.a. alikuwa kipofu. Kwa ajili yake iliteremshwa Surat Abasa, na Mtume s.a.w. alimfanya mwadhini, na zaidi ya mara moja akamwacha Madina kuwa badala yake alipotoka safari. Katika mikoa yetu hii, ambako katika miaka ya karibuni watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, yapasa kisa hicho kisomwe katika kila darasa la watoto.

Wengine huchelewesha akika ya mtoto wa namna hii, wakingoja waone kama atapona. Hakuna hukumu ya namna hiyo. Siku ya saba ni yake kama ilivyo ya wengine: apewe jina zuri, na achinjiwe, mbuzi wawili kwa mwanamume na mmoja kwa mwanamke, kwa mwenye uwezo. Ikiwa siku hiyo yuko hospitali, jamaa walio nyumbani waweza kuchinja kwa niaba yake, au ingojewe arudi. Nywele za kichwa hunyolewa na uzito wake kutolewa sadaka kwa fedha. Lakini aliyepasuliwa kichwani asinyolewe na wazee mpaka daktari aseme jeraha limefunga.